Oili Niliyochagua Mimi, Shemeji Yangu Akazikwa kwa Jina la Mlevi

Nina miaka arobaini na minne, mjane, mama wa watoto watatu, Kioko na wadogo zake. Naishi Tawa, upande wa Makueni, na hapa sokoni wananijua kwa ulimi wangu mkali. Nikisimama kununua nyanya, muuzaji hupunguza bei kabla sijafungua mdomo! Naandika haya nikiwa na akili zangu timamu, ingawa wapo watu kanisani watakaokuambia sina.

Wasomaji wenzangu, mimi nilimuua shemeji yangu. Sikumpa sumu wala sikumshikia panga... Nilinunua oili ya lori, basi. Halafu nikamfanyia jambo lingine ambalo naliona baya kuliko hilo, nanyi mtalisikia.

Mume wangu Musyoka alituachia lori moja kuukuu. Alilipenda lori hilo mpaka nikawa namtania kwamba ana wake wawili na mimi ndiye mdogo. Alikuwa na kitabu cha lori, kile kinachotoka nalo kiwandani, kimejaa madoa ya grisi, amekifunga kwa karatasi ya nailoni na kukiweka chini ya kiti. Humo mliandikwa kila sehemu inataka mafuta gani. Oili ya giaboksi aliifuata Makindu, kwa mzee mmoja wa sipea, hata kama Tawa maduka yalikuwa yamefunguliwa na mimi nimenuna kwa sababu ya kucheleweshwa.

Nilimuuliza mara moja, kwani oili si oili? Akacheka. Akasema giaboksi na difu, yale magia ya ekseli ya nyuma, ni kama watoto wawili wa mama mmoja, na bado kila mmoja ana uji wake. Sikumsikiliza. Nilikuwa napembua maharagwe.

Ugonjwa wa sukari ukamchukua Musyoka. Lori likabaki mikononi mwa mdogo wake, Mutua, ambaye ndiye aliyekuwa dereva wetu miaka yote.

Nimweleze Mutua, maana hakuna mwingine anayemweleza vizuri sasa. Ujanani alikunywa pombe mpaka akalala mitaroni, watu wakamruka. Kaka yake akamtoa huko, akamfundisha lori, na Mutua akaacha chupa kabisa. Alioa msichana wa Nuu anayeitwa Kalondu, wakapata watoto. Alikuwa mwanamume wa maneno machache. Mume wangu alipokufa alikuja kula kwangu kila Jumapili, lakini hakukikalia kiti cha kaka yake hata siku moja. Alikaa kwenye stuli karibu na mlango.

Basi mwaka uliofuata akaja Justus.

Justus alikuwa fundi wa magari, mtu wa kutoka huko barabara ya Mombasa, akafungua gereji nyuma ya kinu cha unga. Fundi wa mikono safi! Hilo pekee lingenitosha kushtuka, maana fundi gani ana kucha nyeupe? Lakini mimi niliona kucha nikasahau kazi. Aliniambia sifanani na mjane. Aliniambia mwanamke mwenye lori hapaswi kuomba ruhusa kwa dereva wake. Nilikuwa nimelala peke yangu zaidi ya mwaka mzima, jamani. Nilicheka kama msichana wa darasa la saba.

Mutua aliona. Akaanza kunisalimia akiwa nje ya lango.

Na mimi nikajaza maneno mdomoni mwake. Nikajisemea kwamba ananilinda kama mbuzi wa kufungwa kwa kamba. Nikajisemea kwamba analitaka lori, na pengine ananitaka na mimi, kama wazee wa zamani walivyorithi wake za ndugu zao. Hakuwahi kutamka neno la namna hiyo. Yote niliyasema mimi kwa niaba yake, nikayakasirikia, nikamhukumu.

Mwezi wa pili, ndengu zilipokuwa zinavunwa Nuu na wanunuzi wa Makindu wananipigia simu kutwa, Mutua akaniambia oili ya giaboksi imezeeka na inatakiwa kubadilishwa kabla ya safari. Alitaka siku mbili aende Makindu kwa yule mzee.

Siku mbili! Wakati wenye malori wengine wanabeba? Nikamwita Justus. Akaja na mtungi wa oili ya difu, ile nzito, kutoka duka la hapa hapa Tawa. Wakasimama wote wawili uani kwangu, na mimi katikati.

Mutua aliushika ule mtungi akausoma. Akaleta kitabu cha kaka yake, akakifungua juu ya boneti.

"Mama Kioko, hii ni ya difu," akasema. "Imeandikwa namba tano. Kitabu inasema giaboksi ni namba nne. Iko na dawa kali ndani, itakula zile ringi za shaba zinashikanisha gia. Ngoja tu siku mbili, mimi nitaenda."

Justus akacheka. Alikuwa na meno mazuri.

"Mutua, hiyo kitabu iliandikwa na watu wa baridi," akasema. "Hawajui jua ya Nuu. Huku unataka oili nzito. Na namba tano si imeshinda namba nne? Mtoto akitoka darasa la nne aende la tano, amerudi nyuma?"

Vijana wa gereji aliokuja nao wakacheka. Na mimi nikacheka! Nikaona kweli, tano ni kubwa kuliko nne, na joto la kwetu linajulikana, hata mafuta ya kupikia hayagandi. Nani asingeona hivyo? Nikamtazama Mutua ameshika kitabu chake, nikaona mwanamume anayenionea wivu.

Nikamwambia mbele ya watu wote kwamba mume wangu alishakufa na hakuniachia mume mwingine. Nikamwambia afunge kitabu.

Alikifunga. Akakizungushia tena ile nailoni, polepole, akakirudisha chini ya kiti. Nilidhani siku ile tunagombana kwa sababu ya mwanamume, kumbe mwenzangu alikuwa anagombania giaboksi.

Na mnajua kilichoniponza zaidi? Lori lilianza kwenda vizuri! Mlio wa giaboksi ulipungua, likawa kimya. Nikamsimanga Mutua wiki nzima. Nikamwita profesa. Nilipomwekea chakula Jumapili niliuliza kama profesa anakula ugali namba nne au namba tano. Alitabasamu, akala, akashukuru, akaenda.

Ilipofika mwezi wa sita, gia ya tatu ikaanza kukwaruza. Mutua akaniambia. Nikamwambia akanyage klachi vizuri.

Mwezi wa nane akaniambia gia inaingia kwa shida na wakati mwingine inatoka yenyewe mteremkoni. Aliomba giaboksi lifunguliwe. Nikamuuliza Justus, ambaye wakati huo alikuwa akinywa chai kwangu bila kubisha hodi. Justus akamwaga oili kidogo kwenye karai ili tuone. Ilikuwa na unga unaometameta, mzuri kama rangi ya pete. Nikauliza ni nini. Akasema hiyo ni dawa ya oili inafanya kazi. Kumbe ile ilikuwa shaba ya ringi za Musyoka, inasagika kidogo kidogo... Akaongeza oili nyingine, ile ile namba tano, akafunga nati.

Mutua alikuja mara ya tatu. Hiyo ndiyo ninayoiota. Alisimama mlangoni kofia mkononi, akasema, "Mama Kioko, hii lori sasa inaniogopesha."

Nikamwambia kama ameogopa aweke ufunguo mezani, madereva ni wengi Tawa.

Aliutazama ufunguo. Akasema lori ni la kaka yake na hawezi kumpa mtu mwingine likiwa katika hali ile. Akavaa kofia akatoka.

Jamani, si angeuweka tu mezani? Kwa nini hakuuweka? Najiuliza hata ninapoosha vyombo.

Ajali ilitokea mwezi wa kumi na moja, mchana, siku ya soko. Alikuwa anateremka kutoka milimani na mzigo wa maembe. Madereva wa huku wana sheria yao, kwamba mlima unaushuka kwa gia ile ile ambayo ungeupandia, ili injini ishikilie mzigo na breki zisichemke. Mutua alifundishwa hivyo na kaka yake na hakuwahi kwenda kinyume. Wanawake waliokuwa wakichota maji kando ya barabara walisema walisikia injini ikinguruma kwa nguvu, kisha ghafla ikanyamaza, halafu sauti ya chuma kukwaruza mara tatu, mara nne. Hapo gia ilikuwa imetoka, naye anajaribu kuirudisha inakataa. Breki zikabaki peke yake na tani zote zile.

Mbele yake kulikuwa na soko, limejaa. Akalielekeza lori kwenye ukingo wa mlima, ligonge upande wake mwenyewe. Hakuna mtu mwingine hata mmoja aliyeumia.

Kabla maembe hayajaokotwa, maneno yalikuwa yameshafika Tawa. Mutua alikuwa amelewa! Mutua amerudia zamani zake! Mtu akasema ameona chupa kwenye kabini. Chupa ilikuwepo kweli, ya maji. Lakini mtu aliyewahi kulala mtaroni hata akinywa maji watu husikia harufu.

Aliishi siku tisa hospitalini. Kalondu alikuwa na mimba ya miezi saba, amevimba miguu, kwa hiyo mchana nilikaa mimi ili naye ajilaze. Siku ya saba Mutua alifungua macho akanitambua. Nikaanza kulia, nikaanza kumwambia habari za oili, akakunja uso kama mtu anayesumbuliwa na nzi.

"Hiyo wacha," akasema. "Watu wanasema nilikunywa. Kalondu amesikia. Waambie gia ilikataa. Hiyo tu, Mama Kioko. Sema gia ilikataa."

Nikamwahidi. Nilimshika mkono, ule uliobaki bila bandeji, nikamwahidi kwa jina la kaka yake.

Akafa baada ya siku mbili.

Kabla ya mazishi lori lilivutwa hadi Makindu, na yule mzee wa sipea akamwita fundi wake, giaboksi likafunguliwa mbele yangu. Ringi zilikuwa zimeliwa zikawa nyembamba, meno yake yameisha. Mzee aliingiza kidole kwenye oili, akanusa, akauliza ni nani aliyetia ya difu humu. Nikajifanya nazitazama ringi. Akasema kwa giaboksi kama hili namba kubwa si nguvu, ni kazi tofauti. Alimjua Musyoka, na hakuniuliza tena. Nilimpigia Justus simu pale pale. Haikupatikana. Niliporudi Tawa nikakuta gereji ina kufuli, na wenye nyumba wanamtafuta kama mimi. Mpaka leo sijamwona.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo ninapoogopa hukumu ya Mungu.

Siku ya mazishi watu walikuwa wengi. Mwendesha shughuli akaniita niseme machache, kama mke wa marehemu kaka yake na mwenye lori. Kalondu alikuwa ameketi mbele, mikono juu ya tumbo, ananitazama. Mama mkwe wangu ananitazama. Nikashukuru waliotoa chakula. Nikashukuru wenye hema. Ndipo baba yake Kalondu, mzee aliyesafiri kutoka Nuu, akasimama bila kuitwa. Alikuwa mpole kabisa.

"Mimi nauliza tu swali moja," akasema. "Huyu alikuwa mtoto wangu pia. Lori ilikuwa sawa?"

Ningesema gia ilikataa, maneno mawili tu hayo! Lakini nikiyasema wataniuliza ilikataa kwa nini. Nikieleza oili wataniuliza nani aliitia. Nikimtaja Justus, uani kwangu kuna majirani, wataeleza alikuwa anakunywa chai kwangu saa ngapi na anaondoka saa ngapi. Nilimwona mama mkwe na leso yake nyeusi. Nikawaona akina mama wa kanisa. Kioko wangu alikuwa amesimama karibu na jeneza, amevaa tai ya baba yake.

Nikasema, "Lori ilikuwa sawa."

Mzee akaitikia kwa kichwa, akaketi. Kalondu akainamisha uso, na hakuuinua tena mpaka udongo ulipoisha kutiwa. Hivyo ndivyo nilivyomzika Mutua. Nilimzika mlevi.

Baada ya hapo kila mtu alizungumza kwa uhuru. Mchungaji alihubiri juu ya pombe Jumapili tatu mfululizo, akimtaja bila kumtaja, na mimi nikaitikia amina. Watoto wa Mutua wakaitwa watoto wa chupa shuleni. Kalondu akafungasha vitu vyake akarudi kwao Nuu, hakuaga mtu.

Nilikaa na uongo ule mwaka mzima na zaidi. Nilikonda. Nililiuza lori kama chuma chakavu kwa sababu sikuweza kulitazama. Majuto ni mjukuu, husema watu, lakini mimi wangu alizaliwa siku ile ile, akakulia kifuani mwangu.

Jumapili moja nikasimama kanisani wakati wa ushuhuda, nikasema yote. Oili, namba nne, namba tano, Justus, lori ilikuwa sawa. Nilisema mpaka sauti ikanikauka. Na mnajua walifanya nini? Walinionea huruma! Mama mmoja akanikalisha, akanipa maji. Mchungaji akaomba kanisa liniombee kwa sababu huzuni za kuzika mfululizo zimenivuruga akili. Nje nikasikia mtu akisema, hebu fikiria, anajitwika makosa ya mlevi, mwanamke mzuri kiasi gani! Nilijengewa sifa juu ya uongo wangu, na nilipotaka kuubomoa, hakuna aliyenipa jembe.

Mama mkwe peke yake aliniamini. Nilimwendea nyumbani, nikapiga magoti jikoni kwake. Alinisikiliza akiendelea kuchambua mboga. Alipomaliza, akaingia ndani akafunga mlango. Hajaniita jina langu tangu siku hiyo. Tukikutana njiani anaangalia upande wa mlima.

Nikaona iliyobaki ni Kalondu. Nikasafiri mpaka Nuu.

Hapa lazima niwaambie, kwa wasiojua mila zetu. Mtoto wa kiume akizaliwa baba yake ameshazikwa, hakuna anayeuliza ataitwa nani. Jina linajulikana akiwa bado tumboni. Anaitwa kwa jina la baba yake, na watu hufurahi wakimwita, kwa sababu wanaona marehemu hajaenda mbali. Njia nzima nilikuwa najipa moyo kwa hilo. Nilijiambia nitamkuta Mutua mdogo, nitambeba, nitamwambia mama yake ukweli, na siku moja atajua amebeba jina la mwanamume aliyeligeuza lori ukingoni ili asiue watu wa soko.

Nilimkuta Kalondu akipura ndengu uani kwa baba yake. Mtoto alikuwa ameketi juu ya gunia, mnene, na paji la uso la Mutua kabisa. Nikamwita, Mutua... Hakugeuka.

Nikamweleza Kalondu kila kitu. Sikujitetea. Alipura mpaka nikafika kwenye maneno ya hospitalini, hapo akaacha fimbo. Nikamwambia mumewe hakunywa, na kwamba neno lake la mwisho kwangu lilikuwa kunituma nimwambie yeye.

Kuku wakaja wakaanza kudonoa ndengu, hakuwafukuza.

"Huyu anaitwa Kimanzi," akasema mwishowe. "Niliambia wazee sitaki jina ya mlevi kwa nyumba yangu. Mama ya Mutua alituma watu mara mbili, wakaniomba. Nikakataa. Nikasema aitwe jina ya kaka yangu."

Nikamwambia labda wazee wanaweza kukaa tena. Nikamwambia nitagharamia mbuzi, nitasimama mbele yao niseme mwenyewe.

"Ashaitwa," akasema. "Mtoto haitwi mara mbili, Mama Kioko. Na mimi sina mimba ingine ya Mutua."

Halafu akaniuliza swali. Aliniuliza nataka aufanyie nini huo ukweli wangu. Aliuliza bila hasira. Akasema mimi nilimlilia mume wangu kwa heshima, lakini yeye alishamchukia wa kwake, akamtukana kaburini, akawafundisha watoto kumtukana, na mtoto wa mwisho akamnyima jina lake. Hayo yote ayarudishe kwa nani?

Akamchukua mtoto, akaingia ndani. Baba yake akanisindikiza hadi barabarani kwa heshima zote, akanitafutia usafiri.

Ndugu zangu wasomaji, wale wenye malori na wale wenye waume wanaoyaendesha, nawasihi. Oili si oili! Fungueni kitabu cha gari msome giaboksi linataka nini, na kama hamkielewi ulizeni mtu ambaye hana haja ya kuwapendeza. Namba kubwa isiwadanganye, wala jua la kwetu, wala mwanamume mwenye mikono safi. Dereva akikuambia gia inakwaruza, usipime moyo wake. Fungua giaboksi.

Na kama kuna mtu aliyekuomba umsemee neno moja mbele za watu, liseme siku hiyo hiyo, hata kama litakuvua nguo. Mimi nilichelewa. Sasa kuna mtoto Nuu ana paji la uso la baba yake, na ukimwita jina la baba yake, hageuki.